Kiingereza cha Kulishana

Simu ilitoka ofisi ya Makamu Mkuu wa Chuo. Msichana wa huko aliniamkia "Shikamoo, mama" kwa heshima kubwa mno, hadi nikazikumbuka mvi zangu zote. Alisema chuo kinabadilisha mashine za kulipia chakula, zile za zamani zinang'olewa, na ofisini wamekumbuka kwamba maneno yake ya Kiingereza niliyaandika mimi nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa pili. Je, ningeweza kufika Songea niwasaidie maneno ya hizi mpya? "Maneno yako bado yapo ukutani, mama," akasema. "Tunayasoma kila siku." Alidhani ananisifu. Alipokata simu nilibaki nimekaa hadi chai ikapoa. Maneno yale ndiyo yaliyonipa kazi. Hadi leo ninaishi kwa kutafuta maneno ya kuandika kwenye skrini za mashine za watu, za benki, za simu, za maegesho, na kazi hiyo ilianzia kwenye ukuta ule. Lakini maneno hayohayo ndiyo yaliyomtoa Zuhura chuoni. Mimi nimelishwa na kitu kilichomnyima mwenzangu chakula. Hivyo ndivyo nilivyojiambia miaka yote hii, na wakati nafungasha begi la kwenda Songea bado nilikuwa najiambia hivyo.

Mwaka ule tulipanga Mfaranyaki, chumba kimoja, mimi na Zuhura, kwa sababu mabweni ya chuo yalijaa. Chumba kilikuwa na madirisha mawili, moja halifunguki na jingine halifungiki. Nyuma yetu kulikuwa na karakana ya seremala, na vumbi la mbao lilikuwa linatufuata hadi kwenye unga wa uji. Vitanda vilikuwa karibu kiasi kwamba mmoja akishuka lazima mwingine akunje miguu. Nguo za Zuhura zilinukia moshi. Alitoka kijiji kimoja kule Namtumbo, si mbali na Hanga, ambako baba yake alilima tumbaku, na moshi wa bani, lile banda la kukaushia tumbaku, ulikuwa umeingia kwenye sanduku lake na haukutoka hata alipofua. Mimi mwanzoni nilikereka, baadaye nikauzoea, na nikienda likizo nikawa nalala vibaya bila ule moshi. Alikuwa mcheshi kwa namna ya ukali. Aliniambia kwao wanaswali kwa adhana lakini shambani wanajua saa kwa kengele ya watawa wa Hanga, "kwa hiyo Wakatoliki mnatufaa kwa kitu kimoja, Oti, usijivune sana." Oti ndiyo mimi. Otilia ni jina refu kwa mtu anayekuita ukiwa umelala.

Kabla ya mashine tulikula kwa kuponi. Zilikuwa karatasi ndogo za rangi ya waridi zenye muhuri, unanunua ofisini, unampa Mama Komba, mpishi mkuu, anakupakulia. Kuponi haikuwa na picha ya mtu. Ndiyo maana kulikuwa na kulishana. Wageni wakisikia neno hilo wanafikiria bibi harusi na keki, lakini kwetu lilikuwa jambo la kila siku, na lilikwenda kwa mazao. Watoto wa Mbinga walikuwa na pesa kahawa ikiuzwa. Watoto wa Namtumbo walikuwa na pesa soko la tumbaku likifunguliwa, katikati ya mwaka, na miezi ya mvua walikuwa hawana kitu. Watoto wa mahindi walikuwa na wakati wao. Sisi ambao nyumbani kulikuwa na mshahara tulikuwa na kidogo muda wote. Basi mwenye kuponi alimpa asiye nayo, na msimu ukigeuka naye alilishwa. Hakuna aliyeandika, hakuna aliyekumbushwa. Mwaka wa kwanza, kahawa ilipochelewa, vijana wa Mbinga walilishwa na Zuhura mpaka Mama Komba akawa anamwita mama mkwe wa Wamatengo.

Na ilikuwa na adabu yake. Mwenye chakula anasema karibu. Asiye nacho anasema starehe. Hapo bado hakuna kilichosemwa, ni sawa na kupiga hodi tu. Mwenye chakula anasema karibu mara ya pili, na hapo ndipo mtu ananawa mikono na kukaa. Zuhura alilelewa hivyo na alikuwa haachi hata njaa imkabe vipi. "Mtu akikubali ya kwanza," aliniambia, "ujue hakufunzwa kwao."

Mashine zilikuja mwanzoni mwa mwaka wa masomo, kwenye gari lenye turubai, pamoja na fundi kutoka Dar aliyeitwa Rama. Moja iliwekwa mlangoni mwa bwalo, nyingine dirishani kwa Mama Komba, ya tatu, kubwa kama kabati la vyombo, kwenye kona ya maktaba. Kila mwanafunzi akapigwa picha, akapewa kadi yenye sura yake. Nilikuwa nje ya ofisi ya Makamu nikisubiri kusainiwa fomu yangu ya bima nilipomsikia Rama akisema, "Mkuu, skrini hizi ni tupu. Maneno mtaweka wenyewe, lugha mnayotaka." Makamu wa wakati ule, mzee mmoja mpole aliyependa tai pana, akajibu, "Hapa ni chuo, bwana. Lugha ya kufundishia ni Kiingereza, basi na mashine izungumze Kiingereza." Rama akasema yeye ni mtu wa nyaya, Kiingereza chake ni cha nyaya. Kisha nikasikia jina langu. Nilikuwa naongoza darasa katika somo la mawasiliano na nilishinda mdahalo mbele ya wageni, kwa hiyo ilionekana Kiingereza kinakaa kwangu. Niliitwa ndani na kupewa kazi ya kutafuta maneno yote ya kadi na mashine, na ya tangazo la ukutani. Nilitoka bila kusainiwa ile fomu, nikatembea hadi Mfaranyaki bila kuhisi vumbi la njiani.

Sijawahi kufurahia kazi kama ile, nakiri. Kila jioni, uji ukiwa kwenye jiko la mkaa nje ya mlango, nilikaa kitandani na kamusi, na Zuhura akakaa chake akitaja vitu kama tulivyoviita wenyewe. Hatukuwa na shida ya Kiswahili, siku ya tatu tu bwalo zima lilikuwa na majina ya kila kipande cha mashine. Shida ilikuwa Kiingereza. Kuweka pesa kwenye kadi sisi tulisema kuchaji, kama simu, kwa hiyo niliandika "Charge your card here". Rama alicheka mpaka akakaa chini. "Dada, hapo umeiamuru mashine imkate mtu hela." Nikarudi maktaba, kwenye ile kompyuta iliyofungua ukurasa kwa kujifikiria, nikapekua vyuo vya nje wanavyosema, nikapata "top up". Kile kisanduku cha kugusisha kadi nilikiita "checker" hadi nilipojua wenyewe wanakiita "reader", yaani kisomaji. Ile kubwa ya maktaba kumbe huitwa "kiosk". Zuhura alishika mbavu. "Kioski? Basi na sabuni iuze." Ile sehemu inayomeza noti sisi tuliita mdomo, na mimi nikaandika "mouth" bila wasiwasi wowote, kisha nikagundua wataalamu wanasema "note acceptor", kipokea noti.

"Na ikitema noti yangu chakavu?" Zuhura akauliza.

"Inaandika 'Note rejected'."

"Ee, hata noti inakataliwa kwa Kiingereza."

Tulicheka sana kwenye chumba kile. Nalisema hili kwa sababu nikisimulia watu wanadhani nilikuwa nafanya kitu kibaya na nikijua. Nilikuwa nafanya kitu kizuri na rafiki yangu alikuwa ananisaidia, na nusu ya maneno yale yalipatikana kwa maswali yake. Jioni moja, tukiwa tumebakiza machache, akasema, "Hujaweka kulishana." Kweli nilikuwa sijaweka. Nikafungua kamusi. Ilinipa "feed", na mifano ya mtoto mchanga na ng'ombe. Nikajaribu "share", lakini kugawana ni kitu kimoja kukatwa vipande. Nikajaribu "borrow", Zuhura akakataa, kuazima lazima urudishe kilekile. Nikajaribu "treat", nikakuta ni mambo ya siku ya kuzaliwa. Nikaacha nafasi tupu. "Acha tu," akasema, akikoroga uji. "Utalipata. Wazungu nao wanakula, hawawezi kukosa."

Siku chache baadaye niliitwa ofisini kukabidhi. Makamu alikuwepo, Rama alikuwepo na kompyuta yake mapajani, na wageni wawili wa wale waliosaidia kununua mashine, wamekaa na soda ambazo hawakuzifungua. Nilisoma neno moja moja na Rama akaliingiza. Tulipofika mwisho akaniuliza, kwa Kiswahili, bila kuinua kichwa, "Kuna sehemu ya mtu kumlipia mwenzake. Anagusisha kadi yake, mwenzake anakula. Niiwashe au niizime? Huku kwenu wanafunzi wana hiyo kitu?"

Nilielewa swali. Katika mambo yote ya mwaka ule hilo sijawahi kulitia ukungu. Nililielewa neno kwa neno. Makamu aliniangalia, wageni wakaniangalia, na nilichokiona mimi ni sisi tumejibana dirishani kwa Mama Komba, tunapeana vikaratasi vya waridi kiganja kwa kiganja. Nikaona aibu. Kukosa hakukunipa aibu, kila mtu anakosa. Aibu yangu ilikuwa ya kulishana kwenyewe. Kwenye kurasa za vyuo vya nje nilizopekua, kila mtu alikuwa na kadi yake, picha yake, trei yake, anatabasamu peke yake. Nikajibu kwa Kiingereza, kwa sababu Kiingereza ndicho kilichoniketisha pale: "No. The card is not transferable."

Makamu alinyoosha mgongo. "Rudia hilo la mwisho." Nikarudia. Kadi haihamishiki, haiwi ya mwingine. Mgeni mmoja akatikisa kichwa kwa kuridhika, Rama akabonyeza kitu, na Makamu akasema sentensi hiyo iwekwe nyuma ya kila kadi na ukutani kwa rangi nyekundu. Nilitoka pale nimejaa sifa hadi kooni. Chumbani nilimwonyesha Zuhura.

"Nimepata lile neno."

Alilisoma polepole. "Hiki ndicho Kiingereza cha kulishana?"

"Hapana. Ni cha kutolishana."

"Aa." Akakunja khanga yake, akaiweka juu ya sanduku. "Ni neno zuri. Refu."

Miezi ya mwanzo haikuwa na tatizo, kila mtu alikuwa bado na salio. Kisha mvua zikaanza, na kadi za watoto wa Namtumbo zikaanza kukauka moja baada ya nyingine. Mashine ya dirishani ilikuwa na taa. Ukigusisha na una kitu, kijani. Huna kitu, nyekundu, na maneno yangu yanatokea, "Insufficient balance", salio halitoshi, mstari mzima wa watu nyuma yako wakisoma. Kadi moja ilitoa sahani moja kwa mlo, ukirudia inagoma. Vijana wa Mbinga, waliokuwa bado na pesa ya kahawa, walijaribu kumgusishia Zuhura kama alivyowalisha wao, mashine ikawakatalia, wakaja kuniuliza mimi, kama vile mimi ndiye mwenye mashine, kama kuna njia. Nikawaambia mfumo haujawekwa hivyo. Sikuwaambia nani alisema usiwekwe.

Zuhura alikuwa na jambo moja tu la kutimiza, kufika msimu wa soko la tumbaku akiwa bado chuoni. Ada baba yake alikuwa ameshalipa. Mitihani haikumtisha, alikuwa na kichwa kuliko mimi. Ilibaki kula tu, miezi ile ya katikati, na kula ndiko nilikokuziba mimi na Kiingereza changu. Aliacha kugusisha kadi. Alikuja bwaloni na daftari zake, kwa sababu mvua ilimfungia kila mtu ndani na bwalo lilikuwa na taa nzuri, akakaa mbele yangu kama siku zote. Nilimkaribisha, naomba hilo lieleweke. Kila mchana niliweka sahani mezani, ugali na maharage, siku nyingine dagaa wa Nyasa, nikasema karibu, naye akasema starehe, nami nikala. Nyuma ya kichwa chake ukutani kulikuwa na ile sentensi nyekundu. Sahani ya chuo haikuwa kubwa. Nilikuwa nakula haraka mwaka ule, nikamaliza na kusema nina kipindi. Chumbani tulipika uji tukiwa na unga, tukanywa wote, na hapo hapakuwa na karibu wala starehe, ni vikombe viwili na sufuria moja. Lakini uji nao ulianza kunywewa kimya. Hakunitajia tena maneno, kazi ya maneno ilikuwa imekwisha.

Aliondoka mapumziko ya Pasaka, akasema anakwenda kusaidia kuchuma tumbaku, na vyuo vilipofunguliwa hakurudi. Aliacha ndoo yake na kandambili. Mama Komba aliniita dirishani. "Mwenzako yuko wapi?" Nikasema yuko kwao, tumbaku imewabana. "Tumbaku," akasema, akageuza ugali, hakunipakulia mpaka watu wawili wa nyuma yangu walipopata. Nilipiga simu Namtumbo. Zuhura alipokea, akasema wote salama, alhamdulillahi, nimsalimie Mama Komba. Nilimuuliza mitihani. "Mwakani, inshallah," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeaga mgeni mlangoni. Mwakani hakuja. Rama alinipigia baada ya mimi kuhitimu, kampuni yake inataka mtu wa maneno, nikaenda Dar, na mengine yaliyofuata ni mshahara.

Nimebeba hatia hii vibaya. Nimewahi kuwafokea vijana wa kazini kwa sababu ya mashine ya maegesho. Nimewahi kutuma zawadi Namtumbo kwa watu wanaokwenda, kitenge, saa ya ukutani, na kila mara nikajibiwa asante moja ya adabu. Niliipeleka hata kwenye kitubio. Padre, mtu mzima, alinisikiliza mpaka mwisho, mashine, kadi, neno lenyewe, kisha akauliza kwa upole dhambi ni ipi hasa. Nikashindwa kuitaja. Mimi, ambaye nalipwa kutaja vitu.

Basi nikaenda Songea. Mashine za zamani zilikuwa zimelazwa sakafuni maktaba, nyaya nje, na ile ya noti imefunguka mdomo. Sentensi yangu ilikuwa bado ukutani bwaloni, wekundu umefifia ukawa kama kutu. Fundi wa hizi mpya ni binti mwenye tableti, anafanya kila kitu akiwa amesimama. Alinipitisha kwenye orodha yake, maneno yote yameshapangwa na watengenezaji, kazi yangu ilikuwa kusema ndiyo au hapana. Tukafika kwenye "Pay for a friend". Mlipie rafiki. Ilikuwa imeandikwa tu hivyo, maneno ambayo mtoto wa shule ya msingi angeyapata, na nina hakika hata kwenye ile ya Rama yaliandikwa hivyohivyo, maana mfumo ni ukoo mmoja. Kiingereza cha kulishana kilikuwepo. "Iwashe," nikasema. Akagusa, akaendelea na linalofuata. Nilihisi mwili umekuwa mwepesi, nikataka kumwambia mtu mmoja tu duniani.

Nilijua yuko wapi. Alihamia mjini miaka mingi iliyopita, ana mgahawa wake Mfaranyaki, chumba cha mbele ya nyumba yake mwenyewe, benchi na meza za plastiki, wanafunzi wengi hula pale. Nilikuwa nimeusikia na sikuwahi kuukanyaga. Bodaboda alinishusha mlangoni. Zuhura alikuwa anapanga sahani, amenenepa vizuri, ushungi umefungwa nyuma kikazi. Aliniangalia kidogo tu.

"Oti. Za kupotea?"

"Nzuri. Za hapa?"

"Kama unavyoona. Kaa, utakula nini?"

Nikakaa. Akaniletea maji ya kunawa, ugali, dagaa, maharage pembeni, bila kusubiri nichague. Sikugusa. Nilimweleza yote nikiwa nimeshika kingo za meza, swali la Rama, aibu yangu, jibu langu, kile kitu kilichozimwa, na kwamba leo asubuhi nimekiwasha. Alisikiliza huku anafuta sahani. Nilipomaliza akasema, "Hayo yote nilijua. Rama mwenyewe alituambia dirishani, wiki ileile. Alidhani ni kitu cha kuchekesha."

"Ulijua?"

"Bwalo zima lilijua. Ulifikiri wewe tu ndiye unayesikiliza milangoni?" Akaweka sahani chini, akachukua nyingine. "Oti, mimi sikuondoka kwa sababu ya kadi. Mama Komba alikuwa ananipa ukoko wa wali kila jioni kwa mlango wa nyuma, na mchuzi juu. Nilikuwa sifi. Na njaa naijua. Mwezi wa tatu kwetu hakuna nyumba isiyo nayo."

"Sasa?"

Hakuwa na hasira, ningependa angekuwa nayo. "Nyumbani unashinda na njaa, na watu wapo nayo pamoja nawe. Pale nilikuwa nashinda nayo peke yangu, na wewe umekaa mbele yangu, unakula. Mwezi wa kwanza nikasema, Oti ana mawazo. Mwezi wa pili nikasema, labda hakusikia. Kila siku nikasubiri. Ulikuwa unanikaribisha mara moja, Oti."

Nilifungua mdomo kumwambia kwamba nilimkaribisha kila siku, na nikasikia nilichokuwa nataka kusema. Kila siku, ndiyo. Mara moja. Nilikuwa nayangoja maneno yake, starehe, kwa sababu yalinifungulia sahani. Nilijua adabu ile kuliko nilivyojua Kiingereza chochote, na kila mchana niliichukua starehe yake kama jibu, nikainamisha kichwa, nikala haraka kabla aibu haijanifikia. Hakuna mashine iliyonizuia kusema neno moja mara ya pili. Sahani ilikuwa moja, mikono ingeweza kuwa miwili, na taa isingewaka nyekundu. Miaka yote nimebeba, hata kwa padre, dhambi ya ukutani, na ya mezani nikaiacha.

"Kula, kinapoa," akasema Zuhura.

Nilinawa. Nikavuta sahani katikati ya meza.

"Karibu," nikasema.

Alikuwa ameshageuka, wanafunzi watatu wameingia, wanatikisa miavuli. "Starehe," akajibu, kwa wepesi, kama anavyomjibu mteja yeyote.

"Zuhura. Karibu."

Alisimama. Aliwaambia wanafunzi wakae anakuja. Akamimina maji kwenye mikono yake, akakaa upande wa pili wa meza, akakata tonge moja, akachovya, akala akiniangalia. Lilikuwa tonge dogo. Kisha akainuka akawahudumie wale watoto, na hakurudi mezani. Sahani niliimaliza mwenyewe, polepole, mpaka punje ya mwisho ya maharage.